TAHADHARI: Huyu "mpiga picha za mkanda" wa hapa Tanga, msimpe hata shilingi

Jamani nimeingizwa mjini, tena mchana kweupe. Yule kijana niliyewasifia wiki ya harusi ya mdogo wangu, futeni kila nilichosema. Ni tapeli.

Niacheni nijitetee kwanza. Mnaijua albamu ya mama, ile ya jalada jekundu ambayo kila mgeni lazima afunuliwe. Picha za 1984, zimefifia kidogo lakini sura zote zimo, na nyuma kaandika tarehe kwa mkono wake. Mimi picha zangu za simu za mwaka juzi tu sijui ziko wapi. Sasa anakuja mtu na kamera ya zamani ya mkanda wa filamu, Canon ya chuma, eti ya babu yake, anakwambia, "Dada, dijitali haina roho." Ningekataaje? Mikanda mitano, picha 36 kila mmoja, laki sita na nusu. Nikalipa yote, maana mikanda eti inasafishwa Nairobi. Wiki tatu.

Siku yenyewe, saa nane mchana, akdi imeshapita, tuko uani kwa shangazi, jua la utosi. Shangazi, mnamjua haamini mtu, akauliza, "Hivi humo ndani mkanda umo kweli?" Kijana akacheka. Akafungua mgongo wa kamera pale pale juani, akatuonyesha: mkanda huo, umelala, unang'aa. Tukapiga makofi! Shangazi kwa aibu akamwongezea pilau, na soda nikampelekea mimi mwenyewe.

Baba mdogo, aliyekuwa na studio zama hizo, alikuwa upande wa wanaume, hakuona. Nilipomsimulia alishika kichwa. Mkanda ukifunguliwa juani, picha zilizokwishapigwa zinaungua. Mpiga picha hafanyi vile hata akiwa amelewa, labda kama anajua hakuna cha kuungua.

Wiki tatu zikawa tisa. Mara mzigo umekwama mpakani Horohoro, mara kafiwa. Mwisho akatuma picha 41 WhatsApp, zina chengachenga, kingo nyeusi na namba pembeni kama mkanda wenyewe. Nililia kwa furaha, naona aibu kuandika hili. Baba mdogo akavaa miwani, akapitisha tatu nne, akauliza, "Mbona zote ni 14A?" Bibi harusi 14A. Sinia la pilau 14A. Na mkwaruzo mmoja juu kulia, ule ule, kwenye picha zote. Ni picha za yule msaidizi wake aliyekuwa akizungukazunguka na simu, zimepakwa uzee kwa programu!

Nikadai negativu, yaani mikanda yenyewe iliyosafishwa. Eti maabara wanazitupa. Nikadai tena, akanibloku.

RB ya polisi ninayo. Huyu awekwe ndani, na hiyo kamera ya babu yake inadiwe turudishiwe hela, maana nimeshaambiwa siko peke yangu.

Mtaniuliza dalili. Zilikuwepo, mjinga ni mimi. Picha ya kionjo alinitumia usiku ule ule wa harusi, na mkanda eti uko njiani kwenda Nairobi. Nikamjibu kwa mioyo myekundu. Toka asubuhi hakubadilisha mkanda hata mara moja, na kamera zile zikifika 36 hivi lazima utoe uweke mwingine. Baba mdogo anasema pia mtazame kile kitufe cha juu kushoto cha kurudishia mkanda: kila akivuta kwenda picha nyingine, nacho kizunguke kidogo. Chake nani alikitazama? Na negativu mkubaliane kabla kwamba ni zenu. Za rangi huwa kama chungwa lililokolea, namba pembeni zinapanda, si 14A mpaka kiama.

Ile picha ya bibi akimfunga mjukuu wake ushungi, niliyomwona kijana kwa macho yangu akiibofya, haipo popote.

Nasikia Jumamosi ana harusi Pongwe. Mwenye kuwajua hao watu awapigie leo, kabla hawajammalizia hela.