Uzoefu wangu na dijei wa harusi yetu Bombo

Watu bado wananiuliza yule dijei wa harusi yetu nilimtoa wapi na alikuwaje, sasa wacha niandike yote mara moja.

Mi ni Mnubi wa hapa Bombo, Uganda, mume wangu Mgisu Muislamu wa Mbale, kwa hiyo hata kabla ya gauni kichwa kilikuwa kinaniuma kwa ajili ya mziki. Mama na shangazi zangu wanataka doluka, ngoma yetu ya Kinubi na nyimbo zake, wakwe wanataka kadodi, ngoma za Wagisu, baba anataka Afrigo bendi yake ya ujana, marafiki zangu wa Kampala wanataka vitu vya klabu, alafu shekhe hataki kusikia spika yoyote mpaka ndoa ifungwe. Siku ni moja tu jamani.

Wa kwanza niliongea naye Kampala. Sistimu anayo, tena kubwa, lakini nilipomtolea karatasi yangu hata hakuisoma, akasema dada wewe leta wageni, mziki niachie mimi. Moyo ukakataa pale pale. Nilishaona harusi ya binamu yangu ilivoharibika hivo hivo, wazee wamewekwa mbele ya spika hawawezi hata kusalimiana, saa kumi na moja jioni wameshaondoka na chakula bado kiko kwenye masufuria.

Huyu wa pili namba yake nilipewa na shangazi. Bei shilingi 1,800,000, advansi 600,000, ndani yake kuna jenereta, spika nne kubwa na maiki mbili zisizo na waya. Sio pesa kidogo na tulikuwa tumeshaumia kwa matenti na chakula. Lakini huyu kijana wiki tatu kabla alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa mkekani na wamama, akawaambia mama zangu niimbieni zile mnazotaka bibi harusi aingie nazo. Wakamwimbia! Anarekodi kwenye simu, anauliza hii inaimbwa anapotoka kwao au anapofika, hii anaitikia nani, makofi yanaingia wapi. Maana doluka yetu huwezi tu kuitafuta kwenye intaneti ukabonyeza ikalia, nyingi ziko vichwani mwa hawa wamama, usipowauliza basi hauna.

Kwa baba pia alienda. Akataka kujua ni Afrigo ya miaka ipi, maana bendi imeanza 1975 na inapiga mpaka leo, mzee akafurahi akaanza kumhadithia saksafoni ya Moses Matovu wa bendi hiyo mpaka chai ikapoa.

Kadodi ndo ilitaka kuleta maneno. Baba alikuwa na wasiwasi, eti hizi si ni ngoma za imbalu, tohara ya Wagisu ile ya kila mwaka wa shufwa, zinaingiaje kwenye ndoa ya binti yangu? Mkwe wangu akamweleza kwa heshima kwamba siku hizi kadodi inapigwa kwenye furaha yoyote, hata kampeni za siasa, yakaisha. Dijei akashauri kitu kimoja ambacho nawaambia na nyie: wapiga ngoma wasiwekewe maiki kabisa, na wakiingia yeye anazima kila kitu. Ngoma zile zina nguvu yake, ukizichanganya na spika unapata kelele tu.

Siku yenyewe asubuhi ilikuwa kasida na dufu peke yake, ndoa ikafungwa salama alhamdulillah. Mchana tukahamia kwenye matenti. Wimbo wa kuingia tulikuwa tumeufanyia mazoezi, akatukatia mwanzo wake mrefu ili sauti ianze pale tunapopiga hatua ya kwanza, sio mnasimama mlangoni mnasubiri wimbo uchangamke.

Alafu katikati ya chakula umeme ukaenda. Jenereta nayo ikagoma, vijana wanavuta kamba wanavuta, karibu dakika kumi. Nilitaka kulia wallahi. Mara nasikia shangazi yangu mkubwa ameanzisha, wamama wakaitikia, wamesimama na gurbaba zao, zile nguo za Kinubi, wanajipanga, na wale wapiga kadodi waliosafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka Mbale wakasikiliza kidogo wakaingia nao polepole. Wanubi na Wagisu, doluka na kadodi, hakuna aliyepanga. Mama mkwe akaenda kushikana mikono na mama yangu katikati. Sasa jenereta ikawaka, taa zikawaka, na dijei HAKUGUSA kitu. Alikaa pale mkono umeshika meza mpaka wamama wamemaliza wenyewe, ndo akaingiza rumba taratibu, baba akainuka. Mwingine angewakatisha, na hicho tu mi ningemlipa tena.

Mabaya yapo. Betri ya maiki ilikufa baba akiwa kwenye hotuba na hakuna ya akiba, ya pili iko kwa emsii upande wa pili, ikabidi mtoto atumwe na boda kununua, mzee amesimama tu. Kwa pesa ile hapana, nilimwambia na akakubali kosa. Na wimbo mmoja ulitoka hafifu kama unapigwa ndani ya debe, lakini huo ni rafiki yangu aliutuma kwa WhatsApp, na dijei alishatuonya kwamba zikipita huko sauti inaweza kubanwa, kwenye simu hujui, kwenye spika kubwa inajulikana. Nyimbo zenu mpeni kwa flashi, mapema.

Nampa nyota nne kati ya tano, hiyo moja imeondoka na betri. Salio tulimlipa kesho yake, akaja na flashi, kumbe zile doluka za wamama alizirekodi vizuri siku ile na kila mmoja anasikika. Mama anaziweka asubuhi akipika chai.