Boma la Iringa kwa siku moja: anzia Kalenga, usianzie mjini

Wengi wanaokuja Iringa kuona jumba la kale huenda moja kwa moja Boma la mjini, wanapiga picha, wanakunywa kahawa, wanaondoka. Nimelitembelea kwa mpangilio huo na kwa mpangilio wa kinyume, na sasa kila anayeniuliza namwambia aanzie Kalenga. Jina la Iringa limetokana na lilinga, neno la Kihehe la ngome, na ngome hiyo ilikuwa Kalenga bondeni. Wajerumani waliibomoa kwa mizinga mwishoni mwa Oktoba 1894, kisha wakajenga mji wao huku juu mlimani. Ukiliona Boma kabla ya kuona Kalenga, unaona nyumba nzuri ya mawe tu.

Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka mjini, kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Daladala zipo, lakini kwa aliyevaa vizuri na asiyetaka kubanana, bajaji au taksi ya kukodi ndiyo inayofaa. Patana kabla hujapanda, na utaje mambo matatu kwa pamoja: kwenda, kusubiri saa moja, na kurudi hadi mlangoni pa Boma. Ukisema "kwenda na kurudi" peke yake, dereva huhesabu safari mbili tupu na ubishi wa muda wa kusubiri unakuja baadaye, tena mbele za watu. Mimi hulipa nusu ya kwanza Kalenga na iliyobaki Boma. Ondoka saa 2:30 asubuhi. Wanaotoka Mbeya au Dar wajue kwamba basi linapita chini, si mjini. Kutoka Ipogolo au stendi ya Igumbilo bado kuna mlima wa kupanda, kwa hiyo lala Iringa usiku wa kuamkia siku hiyo.

Mavazi yanaharibu siku hii kuliko kitu kingine. Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500, na Juni na Julai asubuhi ni baridi kweli, halafu kufikia saa 6 mchana jua linachoma. Vaa tabaka: gauni au shati la kitenge, juu yake sweta au mtandio mzito unaoweza kuubeba mkononi. Viatu viwe vya chini, soli ya mpira. Kisigino chembamba kinazama kwenye udongo wa Kalenga na kinateleza kwenye mwamba wa Gangilonga jioni. Septemba na Oktoba kuna vumbi jekundu, basi acha nguo nyeupe nyumbani. Kuanzia Desemba hadi Aprili ni mvua. Beba mwavuli, na viatu vya akiba kwenye mfuko wa plastiki.

Makumbusho ya Mkwawa pale Kalenga ni madogo, lakini yana uzito. Humo ndani, kwenye kabati la kioo, limo fuvu la Mkwawa. Mtwa huyu, yaani mtawala wa Wahehe, alimshinda Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akapoteza ngome yake miaka mitatu baadaye, akaendelea kupigana porini hadi alipojiua Julai 1898 asikamatwe. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, ulitaka kirudishwe, ila kilirudi mwaka 1954, mikononi mwa Gavana Twining. Vua kofia, punguza sauti, na usipige picha yako na fuvu nyuma yako. Hapo ni msibani pa watu, na wenye marehemu wapo. Ukifika salimia "Kamwene". Nawe utajibiwa "Kamwene". Muulize mwongozaji akuonyeshe upande wa Tosamaganga, ambako inasimuliwa mizinga ilirushwa kutoka huko. Ukishaona umbali ule, utaelewa kwa nini ukuta haukutosha.

Mlambalasi, lilipo kaburi la mwili wake, liko mbele zaidi kwenye barabara hiyohiyo. Usilipachike siku hii. Utafika Boma umechoka na wakati umekwisha.

Rudi mjini kabla ya saa 6. Boma ni jengo la Wajerumani lililotumika kwa miaka mingi kama ofisi za serikali, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa. Mchana ndio wakati wake. Kuta nene za namna hii huchelewa kupata joto, hivyo ndani kuna ubaridi wakati nje jua linawaka. Kabla ya kusoma maelezo yoyote, simama kwenye dirisha upime kina chake kwa mkono. Kina hicho ndicho unene wa ukuta. Kisha chukua saa moja na nusu kwa vyumba vya maonyesho, ukimwomba mwongozaji aeleze vitu vya nyumbani: vyungu, vikapu, mgolole. Mikuki kila mtu anaiona mwenyewe.

Kwa picha za vitu, zima flashi. Inarudi kwenye kioo kama doa jeupe, na mwanga mkali hufifisha rangi za nguo. Sogeza simu hadi ikaribie kugusa kioo, uinamishe kidogo pembeni. Picha zako mwenyewe piga nje, kwenye kivuli cha ukuta. Jua la utosi linatia vivuli vyeusi chini ya macho hata kwa aliyependeza. Uliza kwanza kama kuna ada ya picha. Kiingilio cha raia hutofautiana na cha mgeni, basi beba kitambulisho na noti ndogo za 1,000, 2,000 na 5,000.

Kahawa unaweza kunywa hapohapo Boma, au Neema Crafts, ambako wahudumu wengi ni viziwi na unaandika agizo lako kwenye karatasi. Mimi napenda zote mbili. Mwenye haraka abaki Boma.

Kikapu cha milulu, nyasi za kusukia, usikose. Kipindue uangalie kitako kwanza, kwa sababu ndicho kinachochakaa mapema: msuko uwe umebana, usione mwanga ukikielekeza juani. Vuta mikono ya ngozi kwa nguvu pale iliposhonwa. Kinuse pia. Harufu ya nyasi kavu ni nzuri, harufu ya uvundo maana yake kilihifadhiwa na unyevu na ukungu utatokea. Nyumbani kining'inize, usikifungie kwenye nailoni.

Saa 11 jioni panda Gangilonga, jiwe linalosema, ambako inasimuliwa Mkwawa alikuwa akikaa kutafakari. Kupanda ni kwa muda mfupi, ila nendeni wawili au zaidi na msibebe vitu vya thamani mkononi. Jua likigusa vilima, anza kushuka. Giza la huku huingia haraka, na mwamba ukipata umande unateleza.