Rangi ya kijani iliyonidanganya: uzoefu wangu na Ansible

Kabla ya Ansible, programu ya kusimamia seva nyingi kutoka sehemu moja, nilikuwa na daftari. La karatasi kabisa. Nikimaliza kusasisha seva moja naweka alama ya vema, naingia nyingine, narudia amri zilezile. Simu ikiita katikati, nikirudi sijui niliishia ya ngapi. Seva zilipofika arobaini nikasalimu amri. Leo ziko sitini na ushei, na huu ni mwaka wa tatu naziendesha zote kutoka mashine moja.

Kilichonivuta ni kwamba huhitaji kusakinisha wakala wowote (programu ya kudumu ya kupokea maagizo) kwenye seva unazosimamia. Mashine ya usukani inaingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali), kama ambavyo ningeingia mwenyewe, inapeleka kijiprogramu cha lugha ya Python, kinafanya kazi yake, kinafutwa, inatoka. Seva ikiwa na SSH na Python, mmeshaelewana. Siku ya kwanza niliandika orodha ya seva kwenye faili moja, nikazigawa makundi (za wavuti, za hifadhidata, za majaribio), nikaandika `ansible all -m ping`. Majibu ya "pong" yakaanza kushuka kwenye skrini. Ile ping, kwa taarifa yako, si ile ya mtandao tuliyoizoea: inahakikisha kwamba unaweza kuingia na kwamba Python ipo. Seva mbili ziligoma, na hapo ndipo nilipojua kuwa funguo zake nilizibadilisha nikasahau.

Kazi yenyewe inaandikwa kwenye pleibuku, faili la maandishi la muundo wa YAML. Huandiki hatua za kufuata, unaandika hali unayoitaka: kifurushi hiki kiwepo, faili hili liwe hivi, huduma hii iwe inafanya kazi. Kama hali ndiyo hiyo tayari, haigusi kitu. Ukiendesha mara kumi hakuna madhara, na kwa mtu aliyetoka kwenye daftari hiyo ni raha tupu. YAML yenyewe ina visirani vyake. Ukiweka tabo badala ya nafasi, inakataa faili zima.

Sasa nije kwenye rangi. Kila hatua ikiisha unaona kijani kama hakuna kilichohitaji kubadilishwa, njano kama kuna kilichobadilishwa, nyekundu kama imeshindikana. Nilizizoea kiasi cha kuacha kusoma maneno.

Siku moja nilikuwa nasambaza cheti kipya cha TLS (kinachoithibitisha tovuti kwa kivinjari) kwenye seva 12 za wavuti. Pleibuku inanakili cheti, halafu inaiarifu hendla (hatua inayoendeshwa tu pale kitu kilipobadilika) iipakie upya Nginx, programu inayotoa kurasa za wavuti. Lakini hendla haikimbii palepale, inasubiri hatua zote ziishe. Katikati kulikuwa na hatua ya kusakinisha kifurushi, na seva tatu zilikuwa zimejaza diski. Nyekundu tatu. Nikafuta magogo (faili za rekodi) ya zamani, nikaendesha tena: kijani kila mahali. Nikafunga kompyuta nikalala.

Siku chache baadaye cheti cha zamani kikaisha muda, malalamiko yakaanza. Mmoja anasema kivinjari kinamwonya, wenzake watatu wanasema mbona kwetu sawa. Nikaingia kwenye seva moja, cheti kipya kipo. Ya pili, kipo. Ilinichukua karibu saa mbili kuona kilichotokea. Zile tatu zilianguka kabla ya kufika kwenye hendla, kwa hiyo Nginx haikupakiwa upya. Mara ya pili faili lilikuwa tayari sahihi, hakuna kilichobadilika, hendla haikuarifiwa. Diskini cheti kipya, kwenye kumbukumbu ya Nginx cha zamani. Ansible haikusema uongo hata kidogo. Mimi niliuliza kuhusu faili, ikanijibu kuhusu faili. Na tabia hiyo imeelezwa waziwazi kwenye nyaraka zake, nilikuwa sijasoma tu.

Siku hizi hatua ya `flush_handlers`, inayoendesha hendla palepale, naiweka mara tu baada ya kunakili, na hatua ya mwisho inaunganisha kwenye mlango wa 443 (wa miunganisho salama ya wavuti) na kusoma tarehe ya cheti kinachotolewa kweli.

Kasi? Siisifii. Kwa kawaida inashughulikia seva tano kwa mpigo, kwa hiyo ukiwa na sitini unaweza kwenda kunyoosha miguu. Niliongeza `forks` (idadi ya seva kwa mpigo) hadi 25 na kuwasha `pipelining` (inayopunguza safari za SSH), ikawa afadhali sana. Ila kwa mambo mazito kama kuwasha seva upya nafanya kinyume: `serial` inaanza na seva moja, halafu tano, halafu zilizobaki. Ukikosea, unaiangusha moja badala ya kundi zima. Kwa siri kama nywila natumia Vault, sehemu ya Ansible inayosimba siri kwa njia fiche, na sina la kulalamika.

Ninachokosa ni jicho linalokesha. Puppet, programu nyingine ya aina hii ambayo niliwahi kuitumia kidogo, wakala wake huamka kila dakika 30 na kurudisha kilichopotoka. Ansible ya kawaida hainyanyuki mpaka uiamshe. Mtu akibadilisha kitu kwa mkono, haijui na wewe hujui. Kwa hiyo nimeweka kroni (kazi inayojiendesha kwa ratiba) saa tisa usiku: inaendesha pleibuku kwa `--check --diff`, inanitumia tofauti tu bila kugusa kitu. Haina ukamilifu, maana hatua za `shell` na `command`, zinazoendesha amri moja kwa moja, inaziruka katika hali hiyo, lakini inatosha kunishtua.

Wiki iliyopita ilinishtua. Kwenye seva moja ya wavuti muda wa kusubiri ulikuwa umeongezwa mara tatu, na hakuna pleibuku iliyoagiza hivyo. Nikafungua rekodi za kuingia, tayari nimeshaandika nusu ya ujumbe mkali kwa timu. Aliyeingia ni mimi, usiku wa manane, siku ileile ya vyeti.