Betri "sawa na orijino" iliyovimba ndani ya kamera yangu, na jibu la aliyeniuzia

Sijui nianze na betri au na mdomo wa aliyeniuzia. Nianze na betri, maana mdomo ulikuja baadaye.

Natumia Canon inayokula betri za LP-E6. Orijino iliyokuja na kamera ilishachoka, nikaongeza mbili za kampuni nyingine, zile ambazo tangazo lake linasema "sawa na orijino, bei nafuu". Miezi ya mwanzo sikuwa na neno. Zilitunza chaji vizuri, hata wenzangu niliwasifia.

Moja ndiyo iliyonitenda. Tuko kwenye harusi ya mteja, watu wameshasimama, maharusi wako mlangoni wanatoka. Kioo kinaonyesha chaji zaidi ya nusu. Nainua kamera, inazima. Hakuna onyo, hakuna alama iliyopepesa. Nikafungua kifuniko cha chini ili nibadilishe betri, nikasukuma kile kibanio. Kwa kawaida ukikisukuma, springi inainyanyua betri kidogo, unaishika kwa vidole. Hii haikusogea. Nikaipindua kamera, nikaigonga kiganjani, wapi! Ilikuwa imevimba humo ndani, ubavu umetuna kama mto, imebana kuta. Mfukoni nina betri ya akiba imejaa chaji, na sina pa kuiweka. Maharusi wakapita. Picha ya kutoka mlangoni ilipatikana kwenye simu ya shangazi yake bibi harusi, na ndiyo iliyoingia kwenye albamu niliyolipwa kuitengeneza mimi.

Kuna mtu aliniambia pale pale niichokonoe na bisibisi. Msijaribu kabisa. Seli ya lithiamu ukiitoboa inaweza kukuwakia mkononi. Fundi aliitoa kwa kubandika utepe wa gundi kali kwenye kitako chake na kuvuta taratibu, anapumzika, anavuta tena. Alinieleza kuwa kinachovimbisha ni gesi: majimaji ya ndani ya seli yakiharibika kwa joto, kwa kuchajiwa kupita kiasi au kwa seli kuwa mbovu tangu kiwandani, gesi inajikusanya na haina pa kutokea. Ndani ya betri kuna saketi ndogo ya ulinzi inayotakiwa kukata chaji kabla hatujafika huko. Ya kwangu sijui ilikuwa inalinda nini.

Nikamwandikia muuzaji kwa heshima zote. Nikamtumia picha ya betri ikiwa juu ya meza, inayumba kwa sababu haina tena upande ulionyooka. Jibu la kwanza: "Bosi, hiyo umeiacha kwenye chaja usiku kucha." Nikamwambia chaja inajikata yenyewe betri ikijaa, na chaja hiyo aliniuzia yeye. Jibu la pili: "Ungekuwa na hela ungenunua orijino." Kisha akanifungia, ujumbe haufiki tena.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata harusi. Siku ya kuuza, betri ilikuwa sawa na orijino. Siku ya kuvimba, kosa likawa la mfuko wangu. Watu wengi wanaoanza kazi hii wananunua betri za namna hii kwa sababu ndizo wanazoziweza, na huyu mtu analijua hilo. Anawauzia, halafu anawasimanga kwa hilo hilo. Na ubavuni mwa betri yake pameandikwa mAh (kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba) nyingi kuliko 2130, wakati Canon wenyewe, kwenye umbo hilo hilo, walianza na 1800 za LP-E6, wakapanda hadi 1865 za LP-E6N, ndipo wakafika 2130 za LP-E6NH. Yeye amewapitaje, na betri yake inakata nusu ya chaji?

Kwa hiyo nilishaamua: orijino tu, mambo yamekwisha.

Lakini ile mwenzake, niliyoinunua siku moja na hii, bado ninayo. Imenyooka, inachaji, haijawahi kunizimikia. Siwezi kuisingizia. Na nilipoenda kutafuta orijino nilipandwa na hasira nyingine, maana bei ya betri moja ingenipa kadhaa za kampuni nyingine, na soko limejaa feki zenye nembo na hologramu zinazong'aa. Feki ya namna hiyo naiona mbaya zaidi: unalipa bei ya orijino na unabaki na takataka. Angalau ile ya kampuni nyingine imeandikwa jina lake.

Halafu tusiseme orijino haikosei. Mwaka 2012 Nikon, watengenezaji wengine wa kamera, waliwataka wateja warudishe baadhi ya betri zao za EN-EL15 kwa hofu ya kupata joto na kubadilika umbo. Tofauti ni kwamba walijitokeza, wakataja herufi ya kutazama kwenye namba ya betri, wakabadilisha bure. Hakuna mteja aliyeambiwa hana hela.

Sasa kazi ya kulipwa naingia na orijino, nimezinunua kwa kujinyima. Ile moja ya kampuni nyingine naitumia mazoezini, na kabla ya kuiingiza naiweka mezani: ikiyumba hata kidogo, haiingii kwenye kamera. Inawezekana siku moja nitanunua nyingine ya bei nafuu, siapi. Nitanunua kwa muuzaji anayeandika dhamana yake na kupokea simu baada ya kulipwa.

Huyu wangu bado ana tangazo lile lile juu, "sawa na orijino", na hela yangu hajairudisha.