PuTTY: programu nzuri inayofichwa na mipangilio yake ya awali

PuTTY, programu ya bure iliyoanzishwa na Simon Tatham kwa ajili ya kuingia kwenye seva (kompyuta ya mbali) na kuiendesha kwa kuandika amri, ni nyepesi na imara, lakini anayeifungua kwa mara ya kwanza kwenye Windows anaweza kudhani iliundwa ili kuumiza macho. Maandishi ni ya Courier New ya ukubwa wa 10, dirisha lina mistari 24 tu, na ile buluu ambayo seva nyingi za Linux huitumia kwa majina ya saraka (folda) imekolea kiasi cha kumezwa na weusi wa nyuma yake.

Mimi nimeweka Consolas ya ukubwa wa 14, kisha katika ukurasa wa rangi nikaipandisha buluu hiyo hadi 100, 150, 255 (viwango vya nyekundu, kijani na buluu), na sasa orodha ya mafaili inasomeka bila kukodoa macho. Ili muunganisho usikatike ninapotulia, nimeiagiza itume ishara tupu kila baada ya sekunde 60.

Uhifadhi ndio unaochosha: mabadiliko hupotea usiporudi ukurasa wa kwanza, ukachagua "Default Settings" na kubofya "Save", na hata hivyo seva ulizokwisha kuzihifadhi hubaki na sura yake ya zamani. Kitufe cha kulia cha kipanya nacho hubandika papo hapo chochote kilichonakiliwa, hata amri ya kufuta (hatari iliyoje!), kwa hiyo nimekibadilisha kifungue menyu kwanza.