Miti ya mpira ya vitalu vya Mwanza: mche mzuri, udongo wa kubadilisha

Ukitaka mti wa mpira wa kuweka sebuleni kama pambo, vitalu vya kando ya barabara hapa Mwanza vinatosha. Huna haja ya kuagiza Dar es Salaam. Tunazungumzia Ficus elastica, ndugu wa mkuyu mwenye asili ya Asia, si mpira unaogemwa Muheza na Kilombero. Miche ni mizuri. Kinachoangusha ni udongo wa kwenye kiriba (kifuko cha plastiki cha mche) na maelekezo unayopewa pamoja na chenji.

Nyigu anayeuchavusha mti huu hayuko huku, kwa hiyo miche ya vitaluni hutokana na matawi, si mbegu. Bei hupangwa kwa urefu, na hapo mnunuzi mjanja anafaidi: chukua mfupi wenye shina nene kama kidole gumba na majani mpaka chini. Utikise taratibu, shina likicheza ndani ya kiriba, mizizi haijashika. Geuza jani pia. Magamba ya kahawia kando ya mshipa wa kati ni wadudu, uache hapo hapo. Vijinzi vya ziwani vilivyoganda juu ya jani si ugonjwa, kitambaa chenye maji kinaviondoa.

Jani moja lililochomekwa kwenye kikopo usilinunue hata kwa bei ya kutupa. Litatoa mizizi na kukaa kijani muda mrefu, lakini bila kipande cha shina chenye jicho, yaani pale chipukizi linapotokea, halichipui kamwe.

Sasa udongo. Viriba vikijazwa ule mweusi wa mbuga, ukilowa unang'ang'ania maji, ukikauka unapasuka na kukata mizizi myembamba. Hamisha mche kwenye mchanganyiko wa udongo mwekundu sehemu 2, mchanga mnene 1, pumba za mpunga zilizochomwa 1 na nusu sehemu ya samadi iliyooza. Chungu kiwe na matundu, na upana wake uzidi kiriba kwa sentimita 5 tu. Kikubwa zaidi hubaki na maji ambayo mizizi haiyafikii, ndipo uozo unapoanzia.

"Mwagilia kila siku," utaambiwa. Kitaluni, juani, sawa. Sebuleni ni kuua mche. Chomeka kidole sentimita 3 hadi 4. Ukikuta unyevu, ngoja. Majani ya chini yakiwa njano huku udongo umelowa, mizizi inaoza. Machache yakidondoka wiki za mwanzo ni mshtuko wa kutoka kwenye jua, usiongeze maji. Kwa nyumba za Isamilo au Bugando zenye dirisha la magharibi, sogeza chungu ndani kama mita moja, maana jua la alasiri huunguza jani. Aina ya Tineke, yenye mabaka meupe, inataka mwanga zaidi ya ile ya kijani. Kwenye kona yenye giza ni hasara tupu.

Sifa kubwa tunawapa mafundi wanaokubali kuja nyumbani kuotesha mizizi kwenye tawi likiwa bado mtini, mche unapokaribia dari. Wasimamie. Gome linamenywa kuzunguka shina, upana wa sentimita 2.5, chini kidogo ya jicho, kisha utelezi uliobaki juu ya mti unakwanguliwa wote. Wavivu huruka hatua hii, na gome huunga tena bila kutoa mizizi. Utomvu ukishafutwa, panafungwa makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kukamuliwa, kiasi cha ngumi, halafu nailoni angavu iliyokazwa juu na chini. Kwa joto letu, mizizi huonekana baada ya wiki 6 hadi 8. Kata chini yake ikishajaa. Kisiki kitachipua upya. Utomvu huwasha ngozi, kwa hiyo glavu ni lazima, na watoto na paka wakae mbali.

Usafiri: bodaboda ni nafuu, ila upepo huchana majani. Mche unaozidi mita moja upandishe bajaji, majani yakiwa yamekusanywa juu na kufungwa kwa khanga.