TAHADHARI: Muuzaji wa akaunti za Pokémon hapa Dodoma anauza, kisha anazichukua tena

Ndugu wa Dodoma na mikoa jirani, hasa wazazi ambao watoto wao wanacheza Pokémon, mchezo wa kukusanya na kulea viumbe wa kubuni, kwenye vifaa vya mkononi vya Nintendo, naomba msome taarifa hii kabla hamjamtumia mtu yeyote fedha. Kuna muuzaji anayejitangaza katika magrupu ya biashara ya WhatsApp kwamba anauza akaunti zilizojaa viumbe adimu, na kwamba anatoa pia huduma ya kuhamisha viumbe kutoka kifaa cha zamani cha 3DS kwenda kwenye hifadhi mpya ya mtandaoni iitwayo Pokémon HOME. Hukutana na wateja maeneo ya Nyerere Square, ana lugha nzuri, hana haraka, na anachokuonyesha kwenye simu yake ni cha kweli, ndiyo maana watu wanamwamini. Utapeli wake umo katika kile anachobaki nacho baada ya kulipwa.

Mdogo wangu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo hapa mjini, alinunua kwake akaunti kwa shilingi 180,000. Alipewa anwani ya barua pepe na nenosiri la akaunti, akaingia, akakuta programu ya Pokémon HOME ina visanduku vilivyopangwa vizuri, kila kimoja kikiwa na viumbe 30, baadhi yao wakiwa wa zile rangi adimu ambazo mchezaji anaweza kuzitafuta kwa miezi. Alibadilisha nenosiri siku hiyo hiyo, akaamini kwamba akaunti ni yake. Wiki chache baadaye programu ilimtoa nje, na alipobonyeza sehemu ya waliosahau nenosiri, ujumbe wa kumsaidia ulitumwa kwenye ile barua pepe iliyosajili akaunti, ambayo sanduku lake analifungua muuzaji peke yake. Fedha ilimuuma, lakini kilichomliza ni kwamba alikuwa amekwisha kuhamishia humo viumbe wake mwenyewe, aliowalea tangu akiwa shule ya msingi. Wote wamekwenda.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalielewi ni kwamba katika HOME hununui viumbe, bali unaingia kwenye nyumba ya mtu mwingine ambaye bado ana funguo zake. Mwenye barua pepe ya usajili anaweza kuomba nenosiri jipya saa yoyote. Hata ukiwasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani kuingia kwa nenosiri pamoja na namba ya ziada inayotoka kwenye simu, kama muuzaji ndiye aliyeuwasha kabla yako, anaweza kuwa ameandika pembeni zile namba za akiba zinazotolewa ili mtu aliyepoteza simu aweze kuingia. Isitoshe, masharti ya akaunti za Nintendo hayaruhusu kuuza akaunti wala kumkabidhi mtu mwingine, kwa hiyo ukienda kulalamika kwa wahusika utakuwa unadai kitu ambacho tangu mwanzo hukuruhusiwa kukinunua, na muuzaji analijua hilo vizuri sana.

Huduma yake ya kuhamisha naiona mbaya zaidi, kwa sababu huwapata watu waangalifu ambao wasingethubutu kununua akaunti. Huanza kwa kuwatisha kwamba seva, yaani kompyuta zinazoendesha huduma hizi mtandaoni, zinafungwa mwezi huu. Ni kweli kwamba duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa kwa manunuzi tarehe 27 Machi 2023, na kwamba huduma za kucheza mtandaoni kwenye kifaa hicho zilisitishwa Aprili 2024, lakini hifadhi ya zamani iitwayo Pokémon Bank iliachwa iendelee kufanya kazi baada ya hapo kwa wale waliokuwa nayo tayari, na tangu duka lilipofungwa haitozwi ada yoyote. Kwa hiyo ada ya Bank anayowadai wateja haipo. Malipo halali katika safari hiyo ni ya mpango wa kulipia wa HOME, kwa sababu mpango wa bure unahifadhi viumbe 30 tu na haupokei viumbe kutoka Bank, ilhali ule wa kulipia unahifadhi hadi 6,000. Malipo hayo unayafanya wewe mwenyewe ndani ya programu, bila kupitia kwa mtu.

Sasa angalieni anavyoiba. Ili viumbe watoke Bank kwenda HOME, programu ya HOME kwenye simu hutoa ufunguo wa kuhamishia, ambao hudumu kwa muda mfupi, na mwenye 3DS huuandika kwenye Bank. Viumbe huenda kwenye HOME iliyotoa ufunguo huo, hawaendi kwingine. Muuzaji huyu hukaa pembeni yako, anafungua HOME kwenye simu yake kwa maelezo kwamba yako ina mtandao dhaifu, anakusomea ufunguo, nawe unauandika kwa mkono wako na kukubali. Kiumbe aliyekwisha kuhama kutoka Bank kwenda HOME hawezi kurudishwa Bank. Kijana mmoja tunayemfahamu aliahidiwa kwamba wake watatumwa kwenye akaunti yake jioni, na hadi leo jioni hiyo haijafika. Ufunguo uonekane kwenye simu yako, ndani ya akaunti uliyoifungua kwa barua pepe yako; ukisomewa kutoka simu ya mtu mwingine, funga kifaa chako hapo hapo.

Waliokwisha kuibiwa huwarudia tena, akiwauzia huduma ya kurudisha mchezo kutoka seva. Msimlipe. Michezo ya Pokémon Sword na Shield, kwa mfano, haimo katika hifadhi ya kawaida ya mtandaoni ya kumbukumbu za michezo ya kifaa cha Nintendo Switch, kwa hiyo hana mahali pa kuichukua.

Kwa aliyekwisha kulipa, asifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo ya WhatsApp. Laini anayopokelea fedha ina jina la mtu mwingine, tofauti na lile analojitambulisha nalo, na jina hilo huonekana kabla hujaweka namba ya siri, kwa hiyo anayeliona halilingani asiendelee. Piga 100 kwa mtandao wako mapema ueleze muamala huo kabla fedha haijatolewa kwa wakala, na namba iliyokutapeli itume kwenda 15040, ambayo ni ya kuripoti namba za matapeli. Kisha fika kituo cha polisi na ushahidi wako, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa udanganyifu kwa njia ya kompyuta na pia kuingia kwenye mfumo bila ruhusa. Sisi tumekwisha kufungua taarifa yetu, na wengine waliotapeliwa na mtu huyu nawaomba wafungue yao, kwa sababu wiki hii picha za visanduku vile vile vya mdogo wangu zimerudi kwenye matangazo, zikiuzwa kwa mtu mwingine.